Baba wa Kwenye Simu

Wajdi alipoondoka mjini Sfax na kuvuka bahari kwenda Sisilia kuchuma nyanya, mkewe Hanen alikuwa na mimba changa. Aliporudi, mgongo umeharibika na kibali cha kazi kimekwisha, binti yake Ritaj alikuwa anatembea, anakula kuskusi kwa mikono miwili, na anajua maneno machache. Mojawapo lilikuwa Baba. Tabu ni kwamba kwa Ritaj, Baba alikuwa simu.

Hilo Wajdi aliligundua siku ileile aliyofika. Alikaa chini sebuleni, akamfungulia mtoto mikono, na ndugu na majirani wamejaa mlangoni wakitazama. Ritaj akamkagua kuanzia soksi hadi nywele, akapiga yowe, akakimbilia simu ya mama yake iliyokuwa mezani. Akaibusu kwenye kioo. "Baba," akasema, akaikumbatia kifuani.

Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Wajdi naye alicheka, maana angefanya nini, kisha akatoka uani akisema anakwenda kuvuta sigara. Alikuwa ameshaacha kuvuta sigara.

Wiki zikapita na hali ikabaki vilevile. Akimletea peremende, mtoto anaipokea na kukimbilia kwa mama. Akimbeba, anajinyoosha kama ubao. Taratibu Wajdi akaanza kumwambia mkewe "mwanao" badala ya "mtoto". Mwanao analia. Mwanao amemwaga maziwa. Hanen alikuwa akisikia, huku anatafuta namna.

Namna aliipata zahanatini, alipompeleka Ritaj kuchanjwa. Kulikuwa na mama mmoja kutoka chuo kikuu, Daktari Sihem, mtafiti wa makuzi ya watoto wadogo. Alikuwa anatafuta familia ambazo baba ameishi ng'ambo wakati mtoto yungali mdogo, ili aone baba na mtoto wanavyozoeana upya. Hanen akakubali papo hapo, kisha akarudi nyumbani kumwarifu mwenyewe.

"Wanataka kunipima mimi?" Wajdi akauliza. "Wapime nini, damu?"

"Wanataka kukutazama unavyocheza na mtoto."

"Hanen, mimi na yeye hatuchezi. Wakatazame nini?"

"Basi watatazama hivyohivyo msivyocheza. Vaa shati safi."

Mkahawani habari zilishafika kabla yake. Rafiki yake Kilani alimpokea kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. "Jamani, mpisheni mtahiniwa! Wajdi, ndugu yangu, ukifeli ubaba unarudia mwaka, au wanakufukuza shule kabisa?"

"Cheka tu," Wajdi akajibu, akikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. "Wewe hata mtihani wa kuoa hujaufanya."

Wenzao wakaangua kicheko. Lakini Wajdi njiani kurudi nyumbani hakucheka. Kilichomtisha si kufeli. Alichoogopa ni kwamba wasomi wale wangeona kwa macho yao, na kuandika, jambo ambalo yeye alishaanza kuliamini: kwamba awepo asiwepo, kwa mtoto huyu ni mamoja.

Chumba cha utafiti kilikuwa na zulia, kikapu cha vitu vya kuchezea na kamera ndogo pembeni. Daktari Sihem alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa kwa kamba.

"Kaka Wajdi, mambo ni matatu," alisema. "Kwanza mtacheza kama mlivyozoea. Nikigonga mlango, utamtazama mtoto bila kusema, bila kucheka, uso mtupu kabisa. Nikigonga tena, mtacheza upya. Hiyo sehemu ya kati ni fupi, lakini ni ngumu. Mtoto akisumbuka, au wewe ukishindwa, tunaacha hapohapo. Mama yake atakuwa nami chumba cha pili, anaona kila kitu."

"Hiyo ya kati ndiyo rahisi," Wajdi akasema. "Nikinyamaza atafurahi."

Mchezo wa kwanza ulikwenda kama alivyotarajia. Ritaj alikaa amempa mgongo, anapanga vikombe. Wajdi akawa anamwaga maswali. Hiki nini? Na hiki rangi gani? Tazama gari! Njoo kwa Baba, tazama gari! Mtoto hakugeuka.

Mlango ukagongwa. Wajdi akanyamaza, akaukaza uso.

Kimya kile kilimfikia Ritaj kabla ya kitu kingine chochote. Mikono yake ikasimama juu ya vikombe. Akageuka. Akamtazama baba yake, akangoja. Akatabasamu kidogo, tabasamu la kujaribu. Uso ule haukujibu. Akanyanyua kikombe akamwonyesha, hakuna kitu. Akapiga makofi. Akatoa sauti ndefu ya kuita, akatazama mlangoni, akamrudia tena.

Kisha akainuka. Akaja mwenyewe, hatua kwa hatua juu ya zulia, hadi magotini pa Wajdi. Akanyoosha kidole kimoja, akamgonga shavuni. Tap, tap. Akamgonga na kwenye paji la uso.

"Alo?" akasema. "Baba? Alo?"

Wajdi alijua maana yake. Kule Sisilia mtandao ulikuwa unakatika kila mara, picha yake ikiganda kwenye simu, na mtoto akigonga kioo hivyohivyo mpaka baba azinduke. Mtoto alikuwa anamzindua.

Hakungoja mlango ugongwe. Machozi yalishafika kidevuni. "Alo, Ritaj," akasema. "Alo, mama yangu. Nipo. Nimerudi, nakusikia."

Ritaj akaachia kicheko cha tumbo zima, kama mtu aliyetengeneza chombo kilichoharibika. Akashika uso wa baba yake kwa mikono yote miwili na kuugeuza huku na huku, akitafuta labda upande wa nyuma una nini.

Daktari Sihem alipoingia, Wajdi alianza kuomba radhi. "Nimekuharibia kazi, Daktari. Nimeshindwa kuvumilia."

"Wengi wanashindwa. Na hilo nalo tunaliandika." Akavua miwani, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi.

Baadaye aliwaonyesha video. Alisimamisha pale mwanzo, Ritaj alipokuwa amegeuza mgongo. "Tazama hapa. Ananyanyua kikombe, anakuchungulia juu ya bega. Anataka ukione. Lakini wewe umeshahamia kwenye gari. Hapa tena. Hapa pia. Hakukukataa, kaka. Alikuwa anazungumza, nawe ukamkatiza."

"Nilidhani baba mzuri ndiye anayesemesha sana."

"Mngoje kidogo. Anachokitazama, kitazame na wewe. Akitoa sauti, mrudishie. Mimi mtoto mmoja hanitoshi kusema nimegundua jambo, nitaona wengine wengi kwanza. Ila hili la mtoto kukutafuta uliponyamaza, umeliona kwa macho yako, hukusimuliwa na mtu."

Wakatoka. Ritaj alibebwa na mama yake, amelala. Kwenye kivuli cha ukuta wa chuo Wajdi akasimama.

"Hanen. Kanijulia wapi huyu? Kabla sijarudi sikuwahi kumshika hata siku moja."

Hanen akamhamisha mtoto bega. "Kila jioni alikuona. Awe anaumwa, awe na usingizi, nilimkalisha mbele ya simu."

"Hata zile siku tulizogombana?"

"Hasa hizo. Nyingine nilikuwa nakutukana vizuri kabisa, namaliza, nafuta uso, ndipo nakupigia. Yeye hakukukosea kitu, kwa nini akukose?"

Kule ng'ambo, jioni akiwa amechoka, Wajdi alidhani ni yeye anayeibeba familia kwa mikono yake peke yake. Kumbe kuna mtu alikuwa anamwekea nafasi yake nyumbani, akiipangusa kila siku isije ikashika vumbi.

"Ahsante," akasema hatimaye. "Ahsante, Hanen. Sijui hata niianzie wapi ahsante yenyewe."

"Anza kwa kumbeba. Mkono wangu umekufa ganzi."

Akampokea. Ritaj alishtuka, akafumbua jicho moja, akamwangalia. Wajdi hakusema kitu, alingoja. Mtoto akaguna. Baba naye akaguna vilevile, kwa sauti ndogo. Akaguna tena, akajibiwa tena. Kisha jicho likajifumba, na mwili ule mdogo, uliozoea kujinyoosha kama ubao, ukalegea wote juu ya bega lake.

Mgongo ulikuwa unamuuma vibaya. Alitembea polepole hadi nyumbani, na Hanen alipouliza kama wakodi teksi, akakataa.