Zuleika Aganda Mguu Juu

Zuleika aliganda kwenye televisheni, mguu mmoja hewani, mdomo wazi, na kiduara cheupe kikaanza kumzunguka puani kama nzi aliyepata ajira ya kudumu.

"Huu ndio mpira wenyewe?" akauliza Mama Hasifa. "Mtoto wangu wamemgeuza korongo."

Akram, kaka yake Zuleika, akacheka, kisha akakumbuka kwamba leo si siku ya kucheka. Mama alikuwa amekata shauri: atatazama mechi hii moja tu, na asipoona maana yake, Zuleika atavua jezi aende kushona nguo kwa shangazi yake kule Makindye. Ndiyo maana sebule yao mtaani Bwaise ilijaa mashangazi na majirani waliokuja kusikia hukumu. Na televisheni yote ilitegemea kompyuta kuukuu ya Akram, aliyoipandisha cheo akaiita seva: inanasa stesheni kutoka antena ya juu ya bati, inazipika upya, kisha inazirusha nyumba nzima bila waya. King'amuzi alikigawa kwa maringo, eti ni kitu cha wazee.

Nyumba ya pili, redio ya jirani yao Oloo haikujua kukwama.

"Zuleika amempita mmoja," Oloo akapaza sauti dirishani. "Amempita na wa pili. Nyinyi mnaona huko?"

"Tunaona mguu," Mama akamjibu.

Akram akawaondoa wageni wote kwenye waifai. Picha ikasogea kidogo, ikaganda. Akapunguza ubora wa picha mpaka wachezaji wakafanana na dagaa kwenye mchuzi. Ikaganda. Akapanda kutikisa antena. Antena haikuwa na kosa. Mwishowe akafungua simu kusoma hali ya seva, macho yakamtoka. Seva ilikuwa na homa. Kompyuta ikichemka hupunguza mwendo isijiunguze, na hii sasa ilikuwa inatambaa.

Akaikimbilia rafuni. Haipo. Palibaki waya tu, nao ulielekea mezani, kwenye msururu wa tabaga, zile kawa za rangi rangi ambazo Wanubi kama wao hufunikia chakula cha wageni. Akafunua ya kwanza: chapati. Ya pili: pilau. Ya tatu: seva, imeviringishwa kitambaa cha kudarizi, moto kama pasi.

"Mama, nani ameifunika hii?"

"Mimi. Wageni wanakuja, kitu kikae uchi mbele yao? Hapa kwetu hatufanyi hivyo."

"Bambi, maskini, Mama, unaiziba pumzi."

"Ilikuwa inanguruma tumbo. Nikajua inaona aibu."

Akram akaipeleka dirishani, shangazi mmoja akaipepea kwa mtandio wake. Kiduara kikayeyuka. Zuleika akashusha mguu, akakimbia, na beki mmoja mrefu akamfyeka hadi chini.

Mama akasimama.

"Yule ana mama kweli? Inuka, Zuleika. Inuka umfuate."

Zuleika akainuka, akachechemea, akauweka mpira chini apige.

"Jamani, Zule..." Oloo akaanza dirishani.

"Oloo, funga mdomo. Ninamtazama mtoto wangu."

Mama akaisogelea televisheni mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Vile viatu vinambana. Akram, anavaa namba ngapi?"

"Sita, Mama. Lakini kwa kushona kule kwa shangazi hata ndala zinatosha..."

"Nani ametaja shangazi? Kaa chini, unanizibia goli."