Miisho Mitatu ya Mpika Chai

Saa kumi kasoro dakika tano, Jumamosi jioni, msusi alikuwa ameshamaliza nusu ya kichwa cha mama yake na hakukumbuka hata mstari mmoja. Vidole vilikwenda vyenyewe. Roho yake ilikuwa kwenye runinga, maana kipindi cha mwisho cha msimu wa tamthilia kilikuwa kinakaribia kuanza, na leo ndiyo leo: watu wangemjua muuaji wa wale marehemu saba.

Msusi mwenyewe alikuwa humo ndani. Kwa wiki kumi na mbili alikuwa mpika chai wa kituo cha polisi, yule anayeingia na birika, anamimina, anatoka. Dakika mbili kila wiki, na moja kati ya hizo ni mgongo wake mtupu. Mama, aliyeketi kwenye kigoda katikati ya magoti yake, alikuwa amewaambia majirani wote kwamba binti yake ameajiriwa kumimina chai ambayo nyumbani haimimini.

Alichokuwa hakijui mama, wala mjomba aliyejitandaza kwenye kochi kama jaji mkuu, ni jinsi kazi ile ilivyomalizwa. Watengenezaji walikuwa wamechoshwa na siri kuvuja, basi wakarekodi miisho mitatu. Siku ya kwanza muuaji alikuwa daktari, siku ya pili sajini, siku ya tatu mpika chai. Kila mmoja alikiri, akafungwa pingu, akatoroka. Wote watatu walitia saini karatasi ya kufunga midomo, na hakuna aliyeambiwa ni mwisho upi utakaorushwa. Mwenye bahati ndiye angeubeba msimu ujao mabegani. Wawili waliobaki wangeagwa kwa maua na shukrani.

Daktari alikuwa mwigizaji mkongwe. Sajini, uso wake ulikuwa umebandikwa kila kona ya mji. Yeye, msusi, alikuwa na saluni ya viti viwili. Akili ilimwambia asijipe presha ya bure, lakini moyo haukusikia la mtu. Aliutaka mwisho ule wa siku ya tatu.

Mjomba alishatoa hukumu kwamba ni daktari, na asibishiwe. Mama alimshuku sajini kwa sababu ya macho yake, akaongeza, kama alivyoongeza kila wiki, kwamba huyo muuaji akipatikana asionewe huruma hata chembe. Msusi alipoulizwa alisema hajui. Hawakumwamini, na maskini ya Mungu alikuwa anasema kweli.

Kipindi kikaanza. Nusu saa ya kwanza daktari alibanwa mpaka jasho likamtoka, kisha ikaonekana usiku wa mauaji alikuwa chumba cha upasuaji mbele ya manesi wanne. Mjomba akanuna. Msusi akahesabu: mmoja ametoka, wamebaki wawili.

Kisha mpelelezi, mwanamke mwenye misuko, akamketisha sajini mezani, akaweka pingu kati yao, akaanza kumsomea majina ya marehemu. Maswali yalikuwa makali. Sajini alijibu vibaya, kwa ustadi mkubwa, yule mwanamume anajua kazi. Msusi akaona kila kitu kimeisha. Macho yakamwasha, akainamia utosi wa mama yake asionekane.

Mpelelezi akaagiza chai. Hilo halikuwa na maana yoyote, kwa kuwa birika liliingia katika miisho yote mitatu. Mpika chai akaingia, akamimina, akageuka kuondoka. Sajini akanyanyua kikombe.

"Usinywe," mpelelezi akasema.

Msusi aliacha kusuka. Neno lile lilisemwa katika mwisho mmoja tu, ule wake.

Alijiona akifungwa pingu. Alijisikia akikiri kifo kimoja kimoja, kwa sauti ileile ya kuuliza nani anataka sukari. Halafu likaja jambo ambalo halikuandikwa popote. Siku ile ya kurekodi, msuko mmoja wa mpelelezi ulikuwa umefumuka karibu na sikio, na msusi, miaka kumi na nane kazini, alishindwa kuvumilia. Mikono yote miwili, pingu zikilia, iliinuka ikauchomeka msuko ule mahali pake taratibu, huku mdomo ukiendelea kuhesabu maiti. Alidhani ameharibu. Kumbe wameiacha mikono ile ijaze runinga nzima, na mpelelezi alikuwa anatetemeka kweli.

Kipindi kilipoisha, pingu zilikuwa mezani na kiti kitupu. Simu ya msusi ilianza kulia na haikunyamaza tena. Furaha ilimpanda, akataka kupiga kelele, lakini kigoda mbele yake kilikuwa wazi.

Mama alikuwa amesimama ukutani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, kiganja kimefunika shingo. Mjomba naye alikuwa amekunja miguu yake yote juu ya kochi.

"Mama, ni mimi," msusi akasema, akinyoosha mkono.

"Kaa hapohapo." Mama alimtazama kama mtu anayekagua mgeni mlangoni. Kisha akasema polepole, "Nimekuzaa mwenyewe, nimekulea mwenyewe, na nimekuogopa."

Msusi akaangua kilio cha furaha, kitana kikiwa bado mkononi, kwa sababu maishani mwake hakuna aliyewahi kumsifu namna ile.