Leseni ya Ng'ambo ya Mto

Nitaanza na kitabu. Wote walionihoji walitaka nianze na moto, nami tangu utotoni sipendi kupangiwa.

Kazi ya umeme nilifundishwa na mzee Rusk Pomeroy, na alinifundisha kwa kitabu chake cha kanuni. Pembeni alikuwa amebandika vibandiko vya rangi: nyekundu kutuliza umeme ardhini, kijani mota, njano nyumba za kuishi. Ndani alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, kila ukurasa. Kanuni hubadilishwa kila miaka mitatu, na kila toleo jipya lilipotoka nilikaa mezani wiki nzima nikihamisha vibandiko na maneno ya mzee, neno kwa neno, hata matusi yake. Upande wetu wa mto Ohio fundi huingia na kitabu chake mwenyewe kwenye mtihani. Nilifaulu mara ya kwanza, nikiwa na miaka ishirini na saba, nikafanya kazi miaka thelathini na moja bila nyumba hata moja kuungua mikononi mwangu.

Halafu kiwanda cha samani kikafungwa na upande wetu ukafa. Kazi zote zikahamia ng'ambo ya mto, mji wa Tolliver, dakika nne kwa daraja. Kampuni ya kule ilinikubali siku hiyo hiyo. "Orrin Tackett, wewe twakujua," wakasema. "Lete leseni ya jimbo letu tu."

Leseni tu! Ng'ambo wanakupa kitabu chao, cheupe kama shuka la hospitali, hakuna kibandiko, hakuna mstari. Chako unakiacha kwenye kabati nje pamoja na simu. Tena wao bado wanafuata toleo la zamani, kwa hiyo jibu ambalo kwetu ni sahihi, kwao ni kosa. Nilikaa mle ndani napapasa pembe za kurasa kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya wageni. Kufaulu ni sabini. Mara ya kwanza nilipata sitini na sita. Nikasubiri mwezi, kama wanavyotaka, nikarudi. Sitini na tisa. Nilitukana maegesho yote ya magari, sioni aibu kusema.

Mtihani wa tatu ulipangwa Alhamisi ya katikati ya Januari. Jumapili ya kabla yake, dada yangu Verna aliniita kula.

Verna ni mdogo wangu, mjane, alikuwa amepanga kijumba Tolliver. Usiku aliwahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, asubuhi alilala. Alipika maharage na mkate wa mahindi. Tukiwa mezani akaenda kuwasha hita chumba cha nyuma, na taa ya jikoni ikafifia.

"Inafanya hivyo siku zote?"

"Tangu baridi ianze. Kula."

Sikula. Nilienda nyuma nikagusa soketi. Ilikuwa ya moto, na palikuwa na ile harufu ya samaki aliyeoza ambayo plastiki hutoa ikianza kuiva. Nilifungua kifuniko nikamulika kwa tochi. Waya wa alumini na waya wa shaba zilikuwa zimesokotwa pamoja, jambo ambalo huzaa joto mpaka moto, na kofia yake ya plastiki imekuwa kahawia. Aliyefanya kazi ile alistahili viboko hadharani, nikasema hivyo kwa sauti.

"Basi tengeneza," Verna akasema, amesimama mlangoni na kijiko. "Si ndiyo kazi yako?"

"Siruhusiwi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Loo! Fundi wa upande mmoja wa mto! Kwani umeme wa huku una meno mengine?"

"Nyumba ya kupanga hii, Verna. Nikishika waya bila leseni yao wakanikamata, mtihani nimeukosa. Nimetia sahihi kwenye fomu."

"Atakukamata nani, paka?"

"Gaskill. Yule anaweza kumshitaki mama yake mzazi."

Gaskill ndiye mwenye nyumba. Vifaa vyangu vilikuwa kwenye pikapu, nje pale, hatua ishirini. Kazi yenyewe ya saa mbili. Haya nayasema mapema, msije mkadhani nayaficha.

Nilichofanya ni kuzima umeme wa chumba kile kwenye boksi kuu, nikabandika utepe mwekundu juu ya swichi. "Usiguse. Nikifaulu Alhamisi, nakuja kutengeneza hata kama Gaskill amelala mlangoni."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, kaka. Na mimi itaniumiza na miguu, chumba kile ni barafu."

"Lala jikoni."

"Lala wewe jikoni," akasema, akanipiga kijiko begani.

Jioni ile nilimpigia Gaskill. Nilimweleza kila kitu, kwa adabu, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Una leseni ya huku?" akauliza.

"Alhamisi nafanya mtihani."

"Sikukuuliza Alhamisi. Unayo?"

"Sina."

"Basi wewe ni mgeni aliyekula maharage kwenye nyumba yangu. Nitamtuma mwenye leseni." Akakata simu.

Mwenye leseni alikuwa Dwight Esterly. Dwight nilimfundisha mimi, miaka minne, nikamwonyesha hata namna ya kushika koleo. Kijana mzuri, hodari wa mitihani: alivuka daraja akafaulu leseni ya ng'ambo mara ya kwanza. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao sikuweza kumtibu. Dwight hafungui. Anapima pale nje, kipimo kikisema sawa, anatia sahihi anaondoka.

Jumanne Verna akanipigia, sauti yake ina furaha. "Kaka, Dwight amekuja. Amepima, ametoa utepe wako, amewasha. Amebandika na karatasi, 'Imekaguliwa'. Anasema wewe una woga wa kizee."

"Alifungua soketi?"

"Sijui, nilikuwa nimelala. Ana kadi ya leseni lakini, Orrin. Wewe huna."

Hapo ndipo nilipokosa. Ningeweza kumwambia zima sasa hivi. Ningeweza kumpigia Dwight, nimwambie rudi ufungue, mpumbavu wewe. Lakini nilikuwa nimeanguka mara mbili mtihani alioupita yeye mara ya kwanza, na sikukubali kumwomba. Tena nilihisi nafuu, jamani. Nafuu kabisa. Mwenye leseni amesema sawa, mzigo si wangu tena, mezani nina kitabu cheupe cha kukariri. Nikamwambia Verna haya, pata joto.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilifungia simu kwenye kabati nikaingia. Safari hii nilikuwa nimefanya mazoezi mwezi mzima kwa kitabu kisicho na kibandiko, na nilikiona chumba kama changu. Swali la arobaini na moja liliuliza kuhusu kuunga alumini na shaba. Sikufungua hata kitabu. Nilijibu nikitabasamu, nikamsikia mzee Rusk akitukana kwa raha. Nilipomaliza, mashine ikatoa karatasi yenye namba ya leseni yangu mpya: themanini na nne.

Nilifungua kabati niwatangazie watu. Simu ilikuwa na miito kumi na mmoja, yote namba ya Tolliver.

Verna alikuwa ametoka kazini saa moja, akawasha hita, akalala. Moto ulianzia ukutani nyuma ya kitanda kabla ya saa nne. Jirani alivunja dirisha lakini moshi ulikuwa umemwahi. Dada yangu alikufa akiwa na soksi mbili mbili miguuni. Tulimzika Jumatatu kando ya mama.

Dwight alikuja mazishini, kofia mkononi, macho yamevimba. "Mzee, sikufungua," akasema.

"Najua."

"Nipige basi."

Nilitaka. Mungu anajua nilitaka. Lakini ngumi yenyewe sikujua iende kwake au inirudie, nikamwambia aende nyumbani kwa mkewe.

Siku iliyofuata nilienda kwenye nyumba. Ilikuwa imezungushiwa utepe, na mkaguzi wa moto, mama mmoja mtulivu aitwaye Ilene Brandt, alikuwa anaandika juu ya boneti ya gari lake.

"Ndugu hawaingii," akasema. "Pole sana, lakini hawaingii."

"Mimi ni fundi umeme."

"Una leseni ya huku?"

Nikatoa karatasi yangu mfukoni. Aliisoma, akatazama tarehe, akanitazama mimi. Akaninyanyulia utepe nipite.

Nilimwonyesha mahali. Ukuta ulikuwa umeliwa, ila nyaya zilibaki, na ule msokoto ulikuwa pale pale, alumini imeyeyukia kwenye shaba kama nta. Nikamweleza kilichotokea, hatua kwa hatua, vizuri sana, kama mtu anayejibu mtihani.

"Dwight Esterly anasema hakufungua," akasema. "Nakala ya Gaskill ya ile karatasi ya 'Imekaguliwa' ninayo. Nakuhitaji wewe uandike maelezo kama fundi." Tukarudi kwenye gari lake, akanipa fomu. Swali la kwanza lilikuwa: nani aligundua hitilafu, na lini?

Ningeweza kuandika kwamba niliigundua siku ile ile, pale kwenye majivu, nikiwa na leseni. Kadi ingebaki, kazi ingebaki. Gaskill na Dwight wangebeba mzigo wote. Wangebisha, lakini ingeonekana wanajitetea tu, maana aliyekuwa mlangoni na kijiko hayupo.

Niliandika: Orrin Tackett, Jumapili, saa nane mchana. Vifaa nilikuwa navyo nje. Kazi ya saa mbili. Sikuifanya kwa kuogopa kukosa leseni. Nilipoambiwa umeme umewashwa, nilinyamaza.

Mama Brandt alisoma maandishi yakiwa kichwa chini miguu juu, ng'ambo ya boneti. "Bwana Tackett, hii wanaweza kuitumia kukunyang'anya leseni."

"Najua."

Mstari wa mwisho ulitaka namba ya leseni. Sikuwa nimewahi kuiandika mahali popote. Niliinakili polepole kutoka kwenye ile karatasi, nikaikagua mara mbili nisije nikakosea tarakimu.