Masuke ya Mpunga Juu ya Mahameli Nyeusi

Mama mkwe wangu, Yosefina, hajawahi kutumia kitu nilichokishona mimi. Vitambaa vya makochi nilivyomdarizia alifunikia debe la mchele. Shuka la Krismasi alimpa wifi yangu Luciana, naye Luciana akalitandika siku niliyokwenda kumtembelea, tena akanikaribisha nilikalie. Kwa hiyo aliponiletea mahameli nyeusi kutoka kwake Malinyi na kusema nimtengenezee mfarishi, lile blanketi la kushona lenye pamba katikati, nilijua huo ni mtihani. Alitaka masuke ya mpunga toka pembe hadi pembe. Nikishindwa, alisema, Luciana atamalizia.

Luciana hata kifungo anashonewa.

Wanaoshona watanielewa. Mahameli nyeusi haichoreki. Nilianza na chaki. Nikikung'uta kidogo tu, suke lote liko chini. Kipande cha sabuni kiliteleza juu ya manyoya bila kuacha alama. Karatasi ya kaboni ilichora vizuri sana, ila ilichora vidole vyangu. Mume wangu Polikarpo, ambaye hajawahi kushika sindano, alinishauri nishone kwa kukisia.

Ndipo akili ikanijia. Nilipika uji mzito wa unga wa mchele, nikatia sukari ya kutosha ili unate, nikachovya kijiti na kuchora. Jamani, masuke yalitokea meupe, yameinama kama yako shambani wiki ya kuvuna. Niliitandaza mahameli mkekani kibarazani ikauke, nikaingia kuoga kwa raha zangu, najiona fundi wa Mlabani nzima, mtaa wetu hapa Ifakara.

Nilipotoka nilimkuta mama mkwe kibarazani. Alikuja bila taarifa, kama kawaida yake. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kugeuka, kwa sababu alikuwa ameinamia mahameli yake. Uji ulikuwa umekauka na kupukutika, haukubaki mstari hata mmoja. Badala yake kila suke lilijaa sisimizi. Walikuwa wanafuata utamu ulioingia kwenye kitambaa, huku wamebeba chembe nyeupe za uji, wanakwenda na kurudi bila kukosea kona.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikakimbilia ufagio.

"Weka chini, Mama Beno," mama mkwe akaniambia. "Ukiwafukuza hawa utachora na nini tena?"

Akaketi mkekani, akaomba sindano na uzi mweupe. Tukaanza kupiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, yeye upande huu, mimi upande ule, tukiwafuata wadudu nyuma nyuma. Walipotuuma tulinyamaza, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulalamika. Sisimizi mmoja alipotoka kwenye mstari, mama mkwe alimrudisha kwa ncha ya sindano huku akimgombeza kwamba anaharibu kazi ya watu. Nilicheka, kisha nikaogopa, kisha nikaona naye anacheka.

Kufikia jioni masuke yote yalikuwa kwenye uzi. Tukawakung'uta sisimizi, naye akaenda zake. Nilishona taratibu juu ya ile bandi, na mfarishi ulipokamilika nikaupeleka mwenyewe Malinyi. Mama mkwe aliupokea, akaukunja, akauweka kando. Nilirudi Ifakara nimenuna, nikamwambia Polikarpo kwamba mfarishi sasa hivi tayari uko kwa Luciana.

Hazikupita siku nyingi, Luciana akanipigia simu. Alisema mama ana vipele mwili mzima, kitanda chake kila asubuhi kimejaa sisimizi, na haambiliki kulala kwingine wala kujifunika kingine. Ile sukari! Nilishona juu yake, wala sikuifua mahameli. Nikaomba nipewe mama mkwe, nikamweleza kosa langu na kumwomba radhi, nikamwambia ni kuusuuza tu kwa maji ya uvuguvugu na kuuanika. Lakini ilinikera pia, maana mtu mzima anaumwa na wadudu usiku kucha na simu anayo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu siku ya kwanza.

"Niliogopa utakuja kuuchukua," akasema.