Waliomwita Eridadi

Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto wa chai, Bulandina alifunua kompyuta ya marehemu mumewe akangoja kurasa zake tano za intaneti zijipange. Eridadi aliziacha wazi siku alipobebwa kwenda hospitali, mwezi wa pili, na hakurudi. Ukiiwasha mashine, inazirudisha zote kwa mpangilio aliouacha. Ya kwanza ya kijani, bei ya kahawa. Ya pili mpira. Ya tatu mvua na jua. Ya nne magazeti. Ya tano matrekta, ingawa mzee hakuwa na shamba la kugeuzia hata moja. Bulandina aliishia darasa la tatu, na Kiingereza hakukijua, lakini hakukaa pale kusoma. Alikaa vile mtu anavyokaa kando ya mwenzake mwenye gazeti.

Nyumba ilikuwa juu kidogo ya mji wa mpakani wa Bwera, vyumba vinne na mtu mmoja. Evas, binti yake, alipiga simu kila Jumapili kutoka Kampala. Siku sita zilizobaki simu ilikuwa saa tu.

Wiki ya pili baada ya matanga, kidirisha kidogo kilitokea mbele ya kurasa, na kitufe kimeandikwa OK. Neno hilo alilijua. Akabonyeza. Kesho yake vikaja vitatu, na hivi vilimtaja mwenyewe: Eridadi, Eridadi, Eridadi. Jina hilo hakuhitaji shule kulitambua. Alikuwa amelidarizi kwenye mashuka yao yote. Na kwao, mtu akija kumuulizia marehemu kwa sababu habari zilichelewa kumfikia, hafukuzwi mlangoni. Anakaribishwa, anapewa kiti, ndipo anaambiwa. Basi kila kidirisha kilichomwita Eridadi, Bulandina alikikaribisha.

"Alishatutoka," alikiambia, kidole kikiwa juu ya OK. "Mumechelewa, lakini karibuni."

Wageni hao hawakuaga. Kufikia mwezi wa tano mashine ilikuwa inakokota miguu, na asubuhi moja ukurasa wa kijani haukuja. Ulikuja mweupe, una kisanduku cha kutafutia katikati na wanawake wa matangazo ya bahati nasibu wakicheka pembeni. Akazima, akawasha. Ule ule mweupe. Zile tano hazikuonekana tena.

Akaipeleka mjini Kasese. Fundi mmoja kijana karibu na stendi aliitazama kwa muda wa kumeza mate.

"Jaja, bibi yangu, hii ni kufuta yote. Saa moja tu, inakuwa mpya."

"Na vya mzee?"

"Vya mzee vinaenda pamoja na virusi."

Bulandina akaifunga tena kwenye kitenge, akarudi nayo. Jumapili alimweleza Evas, na Evas akacheka kidogo. "Mama, hiyo itupe. Nitakuletea simu ya kugusa." Bulandina akasema sawa, maana hakutaka simu ya wiki nzima iishie kwenye ubishi.

Jumatatu alishuka kwa Drani, kwenye barabara ya kwenda Mpondwe. Drani alikuwa mtu wa Arua, mwanajeshi wa mitambo ya redio aliyestaafu akabaki hapo mpakani, akitengeneza redio za malori na chochote chenye waya.

"Afande," Bulandina akasema kabla hajakaa, "nataka kurasa tano alizoacha mzee. Hayo mengine yote uondoe."

"Leta hapa, mama. Tuone adui."

Alifungua orodha ya vitu vilivyoingizwa ndani ya mashine, akaisoma kwa kidole. "Hii iliingia tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Hii kumi na tano. Kumi na tano tena. Mama, nani alifungulia hii jeshi yote?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Walimwita kwa jina."

Drani akaachia kipanya. "Jina iko ndani ya mashine, mama. Mzee aliiandika siku ile alinunua. Hawa wanasoma tu. Hawamjui."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Bulandina akaikunja ncha ya kitenge, akaikunjua.

Drani alifuta kimoja kimoja. Aliuondoa ukurasa mweupe kwenye mipangilio, akafungua intaneti ajaribu, na ukurasa mweupe ukaja vile vile. "Huyu iko na mukia," akanung'unika. Akachungulia nyuma ya ile alama ndogo inayobonyezwa kufungulia intaneti: baada ya jina la programu mtu alikuwa amebandika anwani ndefu, ili kila ukifungua upelekwe kwake. Akaukata mkia huo. Safari hii ukurasa mweupe haukuja.

"Sasa zile tano. Mashine inakumbuka alikopita. Mimi nitafungua, wewe utasema."

Akafungua kumbukumbu za siku zile, moja baada ya nyingine.

"Hii?"

"Hapana. Hapo alikuwa anapita tu."

"Hii ya mpira?"

"Ndiyo, lakini ya pili. Kwanza ya kijani."

Zilipotimia, zikiwa kwenye mpangilio wake, Bulandina aliona Drani akiruka upesi mstari mmoja wa zile kumbukumbu.

"Rudi hapo, afande."

"Hii si kitu, mama."

"Rudi."

Ukurasa ukafunguka. Mchoro wa tumbo la mtu, na maandishi mengi. Huo hakuwahi kuuona.

"Inasema nini?"

"Ni ya figo." Drani akakohoa. "Alifungua mara nyingi. Mwezi wa kumi na moja. Wa kumi na mbili. Wa kwanza."

"Aliniambia ni mgongo," Bulandina akasema. "Nilimkanda na mafuta ya moto miezi yote hiyo."

Nje lori lilipita, kikombe cha Drani kikatetemeka mezani mpaka lilipopotea.

"Nifute?"

"Weka mwisho. Ziwe sita."

Asubuhi iliyofuata kurasa sita zilijipanga. Bulandina alingoja. Kahawa, mpira, mvua, magazeti, matrekta. Hakuna kidirisha kilichotokea mbele yake. Jua likafika kizingitini, na hakuna aliyemwita Eridadi.

Akasogeza kipanya mpaka mwisho, kwenye ule mchoro.

"Eridadi," akaita mwenyewe, kwa sauti ile ya kumwambia mtu chai iko tayari. Kisha akanyanyua kiti chake, akakihamishia upande wa pili wa meza, pale ambapo angepewa kiti, kama mgeni, laiti Eridadi angemwambia ni figo.