Pedeli ya Kushoto

Mimi mtu akinipa kitu bure, kwanza namwangalia mikono yote miwili. Ndivyo nilivyo, na wateja wangu wa saluni wamenizoea. Kwa hiyo mtaa mzima ulipojitokeza kumuunga mkono kaka yangu, fundi baiskeli, katika mashindano ya kwanza aliyoandaa, wengine walifurahi, mimi machale yakanicheza.

Fundi cherehani alishona namba za kuvaa kifuani. Fundi wa kuchomelea akaunda geti la kumalizia. Kina mama wakafagia kokoto kwenye mteremko wa darajani. Aliyezidi ni mwoka mikate: akaahidi mikate kwa waendeshaji wote, meza, turubai, hata watu wa kusimama kwenye kona. Na huyu ni mtu ambaye ukinunua mkate wake anakuuliza kama umekuja na mfuko wako. Halafu mwanawe naye alikuwa anashindana, na wa kumshinda alikuwa mmoja tu, Chiriku, binti wa kaka yangu.

"Huyu ana lake jambo," nilimwambia kaka.

"Wewe nawe," akasema, lakini niliona neno limemwingia. Tumezaliwa tumbo moja.

Utaratibu aliuweka yeye. Siku moja kabla, kila baiskeli iletwe karakanani, aikague peke yake, kisha ilale humo chini ya kufuli. Spana zake haziguswi na mtu. Mke wake mwenyewe, karakana ikiwa imepakana na jiko lake, hupita humo ubavuubavu na mikono kifuani, kama mgeni kwenye duka la vioo.

Alasiri hiyo tulikwenda shuleni kwenye kikao cha mwisho cha kamati. Tuliporudi jua lilikuwa bado kali. Kaka akafungua kufuli, akapita tena kati ya baiskeli akizigusagusa, maana hawezi kukaa hivihivi. Alipofika kwenye ya Chiriku akasimama. Akatikisa pedeli ya kushoto. Ikacheza.

"Hii niliikaza mwenyewe," alisema.

"Asubuhi mwoka mikate alipoleta meza zake humu, hakukuuliza kama mlango utafungwa?"

"Aliuliza."

Hakungoja nimalize. Tulifika kwenye duka la mikate yeye mbele, mimi nyuma, na maneno aliyoyatoa mbele ya wateja sitayarudia. Mwoka mikate alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta unga mikononi.

"Nilitaka kujua meza zangu zitakuwa salama," akasema. "Kesho mikate itakuja kama nilivyoahidi, kwa ajili ya watoto wa watu. Ila wewe usinisalimie tena."

Hata hapo sikumwamini. Nilijiambia mwizi hodari huwa mtulivu. Tukarudi, nikaingia jikoni kunywa maji. Wifi yangu alikuwa anakata vitunguu. Pembeni ya ukucha wa dole gumba lake kulikuwa na weusi. Grisi naijua, nimekua nayo. Alikuwa amenawa, lakini ile haitoki kwa sabuni ya vyombo.

Nilikiweka kikombe chini polepole. Wifi alikuwa amepinga mashindano haya tangu mwanzo. "Mtoto akianguka kwenye ule mteremko, mtaniletea kikombe cha ushindi nifanyie nini?" ndivyo alivyokuwa akisema. Na mlango wa nyuma wa karakana, unaotokea jikoni, hauna kufuli. Nikarudi kwa kaka, nikamnong'oneza. Nilinong'ona vibaya, kwa sababu Chiriku alikuwa kando yetu anajaribu namba yake.

Kaka akamwita mkewe.

"Umegusa baiskeli ya mtoto?"

Wifi alitazama dole lake, kisha akamtazama mumewe. "Nimegusa."

"Kwa nini?"

"Umekagua za watu siku nzima. Nikaogopa ya mwanao umeipitia juujuu kwa kuwa ni ya nyumbani. Mlipokwenda kikaoni nikachukua spana, nikakaza kila nilichoweza kukaza. Sitaki mwanangu aanguke."

"Nionyeshe ulivyokaza."

Alishika spana kwa mikono miwili, akaitia kwenye pedeli ya kushoto, akaizungusha upande wa kulia, kama mtu anayefunga kifuniko cha chupa. Pedeli ikazidi kutoka. Aliiona mwenyewe, akaachia.

"Ya kushoto hukazwa kinyume," kaka akasema kwa sauti ndogo. "Ndivyo zilivyotengenezwa."

"Ningejuaje? Tangu umenioa hujaniacha nishike hata bisibisi."

Kaka akamshika mikono, akaigeuza, akamwacha akaze mwenyewe mpaka pedeli ikagoma. Wifi alikuwa ameshaona, kama sote tulivyoona, mteremko wa darajani na mtoto wake juu ya pedeli ile.

"Na nani alikwambia uniulize mimi?" wifi akasema.

Kaka akatazama sakafu. Lakini Chiriku hatukumpa jina hilo bure.

"Shangazi," akasema. "Amesema umeilegeza makusudi ili nisishindane."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. "Wifi, nisamehe," nilisema. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye vitunguu vyake. Kaka akatoka kwenda dukani kwa mwoka mikate, safari hii akitembea taratibu.

Asubuhi ya mashindano mikate ilifika ikiwa bado ya moto. Mwoka mikate alisalimia watu wote, mimi na kaka akaturuka. Nilikuwa nimemwahidi Chiriku kumsuka nywele za kulala, kofia imkae vizuri kichwani, nikamketisha uani. Wifi akaja na kigoda chake, akakaa karibu nami.

"Wifi, si ungekwenda kusaidia kule mezani?" nikamwambia. "Kazi hii naijua."

"Wewe suka tu," akasema. "Mimi naangalia."

Na aliangalia kweli. Hakuondoa macho kwenye mikono yangu yote miwili mpaka nilipofunga msuko wa mwisho.