Sireni Ilikohoa Kwanza

Ngalula alirudi Kolwezi, mji wa migodi ya shaba, mwezi wa sita wa mwaka 1986, baada ya miaka kumi na mitatu Ulaya, na sanduku moja la nguo na masanduku matatu ya mashine. Waliokwenda kumpokea kwenye stesheni walitafuta gitaa kwa macho. Hapakuwa na gitaa.

"Hii friji ni ya nani?" aliuliza Mado, rafiki yake wa darasa moja, akigonga sanduku kubwa kuliko yote.

"Ni kinanda."

"Kinanda iko na uzito ya maiti?"

"Ni ya umeme. Beba tu, Mado, usisemeseme."

Mado alibeba huku akisemasema. Yeye ndiye aliyeshika funguo za ukumbi wa kambi, pale wafanyakazi wa mgodi walipochezea dansi na kutazama filamu, na kabla jua halijazama alikuwa amekwisha kuwaambia wanawake wa soko la Manika kwamba Jumapili, baada ya misa, mtoto wa Kalombo atapiga muziki wa Bulaya. Waje na viatu vizuri.

Nyumbani, Tata Kalombo alimpokea binti yake akiwa ameketi, kofia yake ya kaki juu ya goti. Zamani alimwita "mama", kwa sababu Ngalula lilikuwa jina la mama mzazi wa mzee. Siku ile hakumwita chochote.

"Diploma iko wapi?"

Ngalula aliitoa. Umeme, Liège, 1978. Mzee alipitisha kidole gumba juu ya mhuri.

"Na kazi?"

"Kazi yangu ni muziki, tata."

"Muziki ya kucheza?"

"Hapana. Watu wanakaa, wanasikiliza."

"Maneno yake inasema nini?"

"Hauna maneno."

Tata Kalombo aliikunja diploma katika mikunjo yake ileile na kuirudisha. "Mi nalituma injeniere," alisema. "Kunarudia mutu ya makelele."

Ngalula angeweza kumjibu hapohapo. Katika sanduku la pili kulikuwa na kanda ya dakika arobaini, sauti moja ndefu iliyotoka chini, ikapanda polepole, ikakaa juu, kisha ikashuka. Kanda ile ilijaza kumbi za miji kumi na moja. Magazeti ya huko yaliandika kwamba sauti ile inatoka kwenye nyota; mengine yakasema chini ya bahari. Haikutoka huko. Ilitoka kwenye bomba la chuma, sireni ya kuwaita watu kazini, lililokuwa juu ya paa la nyumba ya mitambo ya kusukuma upepo mgodini, hapa Kolwezi, na mtu aliyevuta mkono wa sireni ile kwa miaka ishirini na saba, alfajiri, mchana na jioni, alikuwa ameketi mbele yake na kofia juu ya goti.

Sireni yenyewe haikuwapo tena. Katika vita ya siku sita iliyoupiga mji huu, mwaka wa 78, bomba lile lilitobolewa na risasi kama kichungi. Mji ulipotulia waliweka kengele ya umeme inayolia kwa saa yake, bila mtu. Tata Kalombo alipelekwa stoo kugawa mabuti mpaka pensheni. Ngalula alikuwa mbali. Hakuwa na kanda ya sireni, wala hata picha ya lile bomba. Alikuwa na kumbukumbu tu, na alikaa miaka miwili mbele ya mashine zake, akizungusha kisukani kimoja baada ya kingine, mpaka kumbukumbu ile ikatoka kwenye spika.

Hakumwambia baba yake. Kama angemwambia, mzee angekuja kwa ajili ya mtoto wake, angeitikia kwa kichwa na kusema ni vizuri. Ngalula hakuitaka "ni vizuri" ya namna hiyo. Alitaka baba yake aisikie bila kuambiwa, aitambue. Asipoitambua yeye, nani mwingine angejua? Ingekuwa basi kwamba miji kumi na moja ilipigia makofi kitu kilichozuliwa na mtu aliyesahau kwao.

"Jumapili utakuja, tata?"

"Jumapili ni siku ya Mungu. Mi napumuzisha masikio."

*

Jumapili saa tisa ukumbi ulijaa. Watu walikuja na viatu vizuri. Walikuwapo vijana waliotaka kucheza, mama mmoja wa Mutshatsha aliyeacha magunia yake ya makaa mlangoni, na wazee wa mgodi waliostaafu, wamepanga safu ya pili kama watu wa kwaya. Mbele kabisa aliketi Mama Tshibola, mama yake Ngalula, na kiti kitupu kando yake. Alikuwa ameweka kitenge juu yake asije mtu akakikalia.

"Atakuja?" Ngalula aliuliza.

"Nalimuacha anafunga redio yake ya kuvunjika na kamba. Anasema inamutosha."

Ngalula alifungua mashine. Taa ndogo nyekundu ziliwaka. Sauti ya kwanza ilikuwa nyembamba kama mlio wa mbu, na chini yake nyingine, nzito kidogo, zikazungukana bila haraka. Dakika tano zikapita. Kiti kimoja kililia. Mtu akapiga chafya.

Katika safu ya wazee alikuwapo Tata Mbayo, fundi wa zamani wa reli ya mgodi, mtu ambaye hajawahi kukaa kimya hata kwenye mazishi. Aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mwana ya Kalombo, samahani. Muziki itaanza saa ngapi?"

"Ilishaanza, tata."

"Ah bon! Mi naliwaza umesahau kufunga friji."

Ukumbi ulicheka wote. Mado, aliyesimama mlangoni, alifunika uso kwa mikono. Vijana wawili walikwisha kunyanyuka wakitafuta njia ya kutoka. Ngalula naye alicheka kidogo, kwa sababu mzaha ulikuwa mzuri, kisha akashika kisukani kilichokuwa kulia kwake, kidogo kama kizibo cha chupa, akaanza kukizungusha.

Sauti ilitoka sakafuni. Ilianza chini mno hata watu waliisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Ikapanda. Haikuwa na haraka, ilipanda kama mtu mwenye mzigo anayejua ngazi zake, na vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka. Tata Mbayo alikuwa amefungua mdomo kwa mzaha wa pili. Mzaha haukutoka. Alisimama wima, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, pale palipokaa kipande cha shaba chenye namba yake ya kazi kwa miaka thelathini. Mfuko ulikuwa mtupu. Akaupapasa tena.

Kushoto kwake mwingine alisimama, mkono mfukoni. Kisha safu yote. Mlangoni, muuza maandazi alibeba beseni lake kichwani, kwa sababu sireni ikilia wateja wanatoka.

"Batata, munaenda wapi?" kijana mmoja aliwauliza wazee.

"Kazi," alijibu mzee mmoja. Kisha akajisikia alivyosema, akabaki amesimama na mdomo wazi.

Mama Tshibola hakugeuka. Alisema tu, "Kalombo," kwa sauti ya mtu anayemwona mume wake akitoka na taa ya mkono saa kumi na moja alfajiri.

Sauti ilikuwa bado juu kabisa wakati mlango wa pembeni ulipofunguka kwa kishindo. Tata Kalombo aliingia na suruali ya misa na kandambili, kofia kichwani. Nyumba yake ilikuwa barabara mbili kutoka pale. Alikuwa anahema.

"Ni nani anavuta sireni yangu?"

Alizungusha macho ukumbini.

"Nauliza! Ni nani anaivuta mubaya hivi?"

Ngalula alipunguza sauti mpaka ikabaki kama pumzi.

"Ni mimi, tata."

Mzee alimtazama. Akazitazama mashine, nyaya, taa nyekundu. Alipita katikati ya viti bila kumsalimu mtu, akapanda jukwaani, akaanza kutafuta kitu nyuma ya kinanda.

"Mukono yake iko wapi?"

Ngalula alimwonyesha kisukani.

"Kadogo hivi?"

"Kadogo hivyo, tata."

"Hm." Aliinama, akakitazama kwa jicho moja. "Umeianza safi. Hiyo njo kosa yako. Ile sireni haikuanza safi hata siku moja. Usiku ya baridi maji inaingia mu bomba. Asubui, ukifungua, upepo unasukuma maji kwanza. Inakohoa. Mwezi ya saba mara ine, mwezi ya sita mara tatu. Leo ni mwezi ya ngapi?"

"Ya sita."

"Basi."

Ngalula alikitazama kisukani. "Nalikuwa nayo," alisema. "Kikohozi nalikikumbuka, tata. Kilikuwa kwenye kanda ya kwanza. Nalikifuta. Nalifikiri ni uchafu."

"Uchafu!" Mzee aligeukia ukumbi kana kwamba anawaita mashahidi. "Ile njo ilikuwa hodi yake! Utaingia mu nyumba ya batu bila hodi?"

"Hapana, tata!" walijibu wazee, kama kanisani.

Alirudi kwa binti yake, na sasa sauti yake ilishuka. "Lakini kule kupanda, ile polepole... Ile umeikamata. Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Mi sikukufundisha kitu."

"Kila siku, mara tatu. Kambi zingine zilipiga mara moja, pwaa! Yako ilipanda polepole. Kule Bulaya waliniuliza kila mahali, kwa nini sauti zako hazina haraka? Sikujua cha kujibu. Kwa nini uliivuta hivyo?"

Tata Kalombo alivua kofia, akaivaa tena. Alionekana kama mtu aliyekamatwa.

"Maternité, nyumba ya kuzalia, ilikuwa nyuma ya ukuta," alisema. "Mutoto ya siku moja, utamupigia kelele kama anaiba? Chef aligombana na mi kila mwezi, eti napoteza dakika. Mi nikasema ndiyo chef, ndiyo chef. Kesho navuta polepole." Alikuna shavu. "Na weye ulizaliwa pale. Siku ile nalivuta polepole zaidi. Kazi nzima ilichelewa."

"Kalombo!" Tata Mbayo alipaza sauti, mkono wake bado uko mfukoni. "Miaka yote ile nilikuwa nakutukana mu kitanda. Sikujua ni weye!"

"Nalikuwa nakusikia. Shika mdomo yako sasa, tuko ku kazi."

Hata Mama Tshibola alicheka kwa hilo. Alitoa kitenge kwenye kile kiti kitupu na kukikunja, kwa kuwa aliyewekewa kiti hakukihitaji tena.

Ngalula alirudisha kisukani chini. Akafungua njia ya sauti za upepo ndani ya mashine, ile mivumo michafu ambayo kwa miaka nane alikuwa akiifuta na kuiosha, akaikata kwa kiganja: ko. Baba yake alitikisa kichwa. "Chini zaidi." Ko. "Hapo." Akafanya mara tatu, na mara ya tatu mzee aliweka vidole viwili juu ya kisukani, bila kuomba ruhusa, akaanza kukizungusha yeye mwenyewe.

Ilipanda. Hakuna aliyecheka sasa, na waliokuwa wakitafuta mlango walikuwa wamesahau mlango. Vijana ambao hawakuwahi kuisikia sireni ile, kwa sababu walihamia kambini baada ya vita, walisimama kwa kuona wazee wao wamesimama hivyo, vifua mbele, kama siku ya gwaride. Tata Kalombo alifumba jicho moja. Mkono wake haukutikisika. Aliifikisha juu, akaishika pale kwa muda wake kamili, muda ambao Ngalula aliutambua katika mbavu zake, na akajua kwamba kumbukumbu yake haikukosea hata sekunde moja.

Iliposhuka, Ngalula aliponyoosha mkono kuzima, kama alivyozima katika miji kumi na moja, mzee alimshika kifundo cha mkono.

"Usiikate. Uiache ichoke yenyewe."

Ikachoka yenyewe. Ilishuka chini ya viti, ikaingia sakafuni, ikabaki kidogo katika kioo kimoja cha dirisha kilicholegea. Kisha kioo nacho kikanyamaza.

Hakuna aliyepiga makofi. Ngalula alingoja, akashangaa, halafu akaelewa: baada ya sireni hakuna anayepiga makofi. Watu wanakwenda kazini. Safu ya wazee ilibaki imesimama, macho kwa Tata Kalombo.

"Tuende ao tukae?" aliuliza Mbayo, na safari hii hakuwa anatania.

"Leo ni siku ya Mungu. Mukae."

Ndipo wakakaa, na ndipo makofi yakaja, na miluzi, na vigelegele vya mama wa Mutshatsha, na Mado akigonga mlango kwa ufunguo kama kengele.

Tata Kalombo alisubiri kelele ipungue. Alimsogelea binti yake.

"Kule Bulaya, uliwapigia hii?"

"Ndiyo, tata. Kila mji."

"Walisimama?"

"Hapana. Walikaa, walifumba macho."

Mzee alifikiri. Kisha tabasamu lilimtoka upande mmoja, la mtu aliyeshinda bila kupigana.

"Basi hawakuisikia," alisema.

Akavuta kiti cha Ngalula, akakikalia, kofia sawasawa kichwani, vidole viwili tayari juu ya kisukani.

"Kohoa, mama. Mara tatu. Hawa vijana ya nyuma hawajaisikia muzuri."